Pikseli na Kompyuta Isiyo na Mwanga

Kazini walimwita Pikseli, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Pikseli ni vile vitone vya mwanga ambavyo vikikusanyika kwa maelfu hufanya kila tunachokiona kwenye skrini, na yeye alikuwa na macho ya kuona kimoja kilichokaa upande. Ukimwonyesha ukurasa wa tovuti, aliutazama kama seremala anavyolenga ubao kwa jicho moja, kisha akasema, "Kitufe hiki kimesogea kulia kidogo." Mkipima, mnakuta kweli kimesogea.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti. Ofisi ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la magodoro. Humo alikaa na mshirika wake, mtu ambaye kila mmoja alimwita Mdomo kwa sababu ndiye aliyetafuta wateja, na ulimi wake ungeweza kumtoa nyoka pangoni. Mdomo aliahidi, Pikseli akatimiza, na hivyo ndivyo walivyoishi kwa miaka mingi, chanda na pete.

Mama yake hakuielewa sana kazi hiyo. Aliwahi kumsikia akisema "naandika kodi", akatangaza mtaani kwamba mwanawe ni mtu wa mapato, na mwenye duka wa jirani akaanza kumpisha njia.

"Mama, hii siyo kodi ya serikali," Pikseli alimweleza. "Ni maagizo tunayoiandikia kompyuta."

"Sawa," mama akasema. "Na kompyuta inalipa?"

Mezani kwake palikuwa na skrini mbili pana zilizokaa kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa, na kipanya kilichosuguliwa hadi kikang'aa. Programu aliyoandikia kazi zake alikuwa ameipaka rangi mwenyewe: amri zilitokea kwa zambarau, maneno kwa kijani, namba kwa rangi ya chungwa. Akikosea mahali, rangi ilibadilika, na kosa likamkonyeza kabla hajalisoma. Vijana waliokuja ofisini kujifunza walimwuliza watumie programu gani, wanunue skrini gani, naye aliwajibu kwa kirefu, maana mambo ya vifaa aliyapenda kama wengine wanavyopenda mpira.

Ugonjwa ulianzia pembeni. Kwanza alianza kukipoteza kile kishale cha kipanya, akawa anakizungusha ovyo hadi kipite mbele ya macho. Kisha akawa anagonga mabega kwenye fremu za milango. Mkewe, ambaye ni mkunga katika zahanati na amezoea kuona jambo kabla halijasemwa, siku moja alimtazama akimimina chai nje ya kikombe.

"Baba watoto, hebu nitazame."

"Nakutazama."

Mkewe aliinyanyua mikono yake miwili, mmoja kila upande wa kichwa, akavichezesha vidole. "Nafanya nini?"

"Umekaa tu," Pikseli akajibu.

Mkewe akaishusha mikono polepole. Alimwomba waende kwa daktari wa macho, naye akasema ni uchovu, kazi zikipungua wataenda. Kazi hazikupungua. Alinunua skrini kubwa zaidi. Akayakuza maandishi hadi mstari mmoja ukajaza upana wote, na Mdomo alipouliza, akamwambia ndiyo mtindo wa siku hizi. Alianza kufika ofisini mapema kabla ya wengine, ili asionekane akipapasa ngazi.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na kifo cha mtu mwingine.

Miongoni mwa wateja wao palikuwa na kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo, mali ya ndugu wawili. Mkubwa akafariki. Asubuhi yake wakaletewa ujumbe: tafadhali wekeni tangazo la msiba kwenye tovuti, pamoja na picha ya marehemu. Picha zilizoambatanishwa zilikuwa kadhaa, ndugu hao wakiwa na suti zinazofanana, kila mmoja peke yake, na majina yameandikwa chini kwa herufi ndogo. Pikseli akachagua moja, akaizungushia ukingo mweusi, akapanga maneno kwa adabu, akairusha hewani. Kisha akashuka kwenda kula.

Aliporudi simu ya ofisi ilikuwa inaita.

"Ofisi ya tovuti?"

"Ndiyo, karibu."

"Hapa anaongea marehemu."

Pikseli alidhani ni mzaha wa rafiki wa Mdomo. Akacheka.

"Sikutanii, ndugu yangu," sauti ikasema. "Mmemtangaza kaka yangu kwa sura yangu. Mama yetu ameonyeshwa simu na jirani. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kumeza habari ya mwanawe mmoja. Sasa yuko sakafuni anaita majina yetu wote wawili, na mimi niko hapa nimemshika mkono, hanioni."

Pikseli aliiondoa picha. Mdomo alikuja nyuma yake, akainama kwenye skrini, akatazama picha moja, kisha nyingine.

"Lakini hawa mbona hawafanani hivyo? Marehemu ana upara mpaka kisogoni!"

Pikseli alikuwa ameona macho, pua na masharubu, basi. Kichwa chenyewe hakukiona. Kuona kwake kulikuwa kumebaki upana wa tundu la kufuli, na kupitia tundu hilo ndugu wale walikuwa mtu mmoja.

Jioni ile waliongozana hadi kwa wafiwa kuomba radhi. Viti vilikuwa vimepangwa uani, watu wakizungumza kwa sauti za chini. Mama wa wale ndugu alikuwa ameketi karibu na mlango, amemkamata mwanawe aliyebaki kwenye kifundo cha mkono, kama mtu anayeogopa akimwachia ataondoka. Mdomo alianza hotuba yake. Bibi yule hakumsikiliza. Alimtazama Pikseli.

"Wewe ndiye uliyemuua huyu?"

"Ndiye mimi, mama. Nisamehe. Sikumwona."

"Hukumwona vipi, na picha ilikuwa mbele yako?"

Pikseli alifungua kinywa kutafuta uongo mwingine, akakuta umemwishia. "Macho yangu yanakufa, mama," akasema.

Hilo lilikuwa neno ambalo alikuwa hajapata kulitamka mbele ya mtu, wala hata peke yake kitandani. Alilisema mbele ya mkusanyiko wa wageni, mshirika wake akiwa amesimama pembeni. Hasira haikumtoka bibi usoni, lakini alisogeza miguu yake ili kupisha nafasi.

"Basi na wewe umefiwa," akasema. "Kaa."

Akakaa. Njiani kurudi Mdomo hakusema kitu, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu wajuane. Walipofika kituoni tu ndipo alipomshika Pikseli kiwiko ili apande ngazi za basi, akamwuliza, "Tangu lini?" Na Pikseli alipomwambia, Mdomo akageuza uso, akaanza kujipangusa machozi kwa kiganja.

Daktari wa macho alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema nyama ya nyuma ya jicho inakufa kuanzia kingoni kuja katikati, kwamba hakuna dawa ya kuizuia, na kwamba lile tundu litaendelea kufumba hadi lizibe. Mkewe Pikseli ndiye aliyeuliza maswali. Pikseli mwenyewe alikuwa anatazama bango la herufi ukutani. Aliiona ile kubwa ya juu, akaona kwamba haikubandikwa katikati, na akaumia kwamba bado analiona hilo.

Mdomo alijaribu kuwa muungwana. Alikuja nyumbani na matunda, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Pumzika, ndugu yangu. Nitatafuta mtu wa kushika kazi. Wewe unabaki mshirika vilevile. Utakuwa unatushauri."

Pikseli alijua maana ya kushauri. Ni kuwekwa kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Hakubisha. Alikaa nyumbani wiki baada ya wiki, redio ikiongea peke yake. Watoto wakirudi kutoka shule walijifunza kutembea kimya. Mkewe aliondoka kwenda zamu na kurudi, akamkuta kwenye kiti kilekile, na chakula alichomwachia kimefunikwa kama alivyokifunika.

Mama yake alikuja kukaa nao. Alikuwa akikunja nguo siku moja, akasema bila kumtazama, "Mwanangu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Mama, kilichovunjika si koleo. Ni mhunzi."

Mama akaendelea kukunja. "Mhunzi aliyevunjika," akasema baadaye, "sijui anapata wapi nguvu ya kunijibu kwa ukali hivyo."

Pikseli alicheka kidogo, kwa shida, kisha kicheko kikamgeukia kikawa kilio, akalia kwa sauti kama mtoto. Mama yake hakumwambia anyamaze. Aliziweka nguo chini, akakaa karibu naye, akangoja.

Mkewe ndiye aliyepata njia. Zahanati yao ilihudumia shule moja ya wasioona, na huko alisikia habari za mwalimu wa kompyuta, mama wa makamo ambaye hajapata kuona tangu utotoni. Wanafunzi walimwita Bibi Kasi. Pikseli alikataa kwenda, akakataa tena, mwishowe akaenda ili tu asiendelee kuombwa.

Alimkuta Bibi Kasi mbele ya kompyuta mpakato ambayo skrini yake ilikuwa nyeusi tii. Alidhani imezimwa. Lakini vidole vya mwanamke yule vilikuwa vinakimbia kwenye kibodi, na kutoka kwenye spika sauti fulani ilikuwa ikimwagika kama mahindi yanayomiminwa kwenye debe.

"Unasikia nini?" Bibi Kasi akauliza.

"Kelele."

"Ni barua ya mkuu wa shule. Analalamika kwamba walimu tunachelewa." Akabonyeza kitufe, debe likanyamaza. "Mwanga wa skrini nimeuzima. Unakula betri, na mimi haunisaidii. Wewe umebakiwa na kiasi gani?"

"Kama tundu la kufuli."

"Basi usilitumie hapa. Likitumika hapa utajifunza nusu nusu. Lihifadhi kwa ajili ya watoto wako."

Siku ile ndiyo Pikseli alianza tena kuchagua vifaa, safari hii kwa kuanzia sifuri.

Kwanza ilikuwa sauti. Programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini huja na sauti nyingi, na yeye akaichagua ya mwanamke mwenye kuongea kwa upole kama mtangazaji. Sauti hiyo haikujua Kiswahili. Ilipokutana na neno "ng'ombe" ikahangaika, ikasema kitu kama "enjiombi". Ilipofika kwenye "karibu" ikalitafuna hadi likawa jina la dawa.

Bibi Kasi aliangua kicheko. "Huyo ameshuka kwenye ndege jana. Mwache apumzike, bado ana uchovu wa safari."

Kulikuwa na sauti nyingine iliyokijua Kiswahili, lakini ilikuwa kavu, ya bati, haina pumzi wala hisia. Pikseli hakuipenda.

"Sauti nzuri ni ya kusikiliza hadithi," Bibi Kasi akamwambia. "Ya kazi iwe kavu. Ile tamu ukiikimbiza inajikwaa, hii unaikimbiza utakavyo." Pikseli akaichukua ya bati, akaanza nayo taratibu, kila wiki akiiongeza mwendo kidogo. Usiku ule wa kwanza kichwa kilimwuma mpaka akatapika.

Ikaja programu ya kuandikia. Ile aliyoipaka rangi kwa mikono yake, aliyoipenda kuliko zote, ilipofunguliwa ikasema neno moja, "Dirisha," kisha ikanyamaza. Alibonyeza huku na huku. Kimya. Walioitengeneza hawakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu atataka kuisikia. Pikseli aliifunga, na moyoni aliona kama amemfungia mlango rafiki wa miaka. Wakajaribu nyingine, ikasoma kila kitu mara mbili. Nyingine ilisoma vizuri lakini haikusema mstari umeanzia wapi, na katika kazi ile nafasi ya mwanzo wa mstari ndiyo inayoonyesha kipi kimo ndani ya kipi. Mwishowe wakaipata moja isiyo na urembo wowote, ambayo kila mstari ukiingia ndani ililia mlio mfupi, na ukizidi kuingia mlio ukapanda. Baada ya muda Pikseli alianza kuisikia kazi yake ikipanda na kushuka kama mtu anayetembea ngazini. Mlio ukikosa kushuka mahali ulipopaswa, alijua kuna bano halikufungwa.

Kibodi ilimpa mshangao wa aina yake. Vidole vilipokuwa vinatafuta mahali pa kutua, vilikuta vinundu viwili, kimoja kwenye F na kingine kwenye J. Alikuwa amechapa juu ya vinundu hivyo maisha yake yote ya kazi.

"Viliwekwa lini hivi?" akauliza.

"Vimekuwepo siku zote," Bibi Kasi akasema. "Vilikuwa vinakungoja."

Lakini hedifoni ndizo zilizomfundisha kwa fimbo. Alikuwa na hedifoni zisizo na waya, zawadi kutoka kwa Mdomo, zenye sauti safi sana. Hizo kwa kawaida zikikaa kimya kidogo husinzia, na zinapoamshwa humeza mwanzo wa neno. Kwa msikilizaji wa muziki si neno. Pikseli alikuwa amefanya kazi asubuhi nzima nyumbani, ukurasa wake wa kwanza tangu augue, ameuandika wote kwa masikio. Alipotaka kufunga, programu ikauliza la kufanya na kazi ile. Alikuwa ameiweka programu kwa Kiswahili, na chaguo lililokuwa chini ya kidole chake lilikuwa "Usihifadhi". Hedifoni zikaamka, zikameza mwanzo, zikamletea sikioni, "Hifadhi."

Akabonyeza. Kazi yote ikapotea.

Mkewe alimkuta amekaa sakafuni, ameegemea kabati. Alipomweleza, alidhani atapewa pole. Mkewe alikaa naye sakafuni akiwa bado na sare ya zahanati.

"Leo nimemzalisha mama ambaye mtoto alikaa vibaya," akasema. "Tumehangaika naye tangu alfajiri. Kila aliposema basi, siwezi, nilimwambia sawa, huwezi, sukuma hivyo hivyo."

"Mtoto amepona?"

"Amepona. Ana sauti kama ya Mdomo."

Kesho yake Pikseli alizirudisha zile hedifoni za zamani zenye waya, zilizokuwa zimetupwa kwenye droo, akatafuta kompyuta yenye tundu la kuzichomeka. Hakujali tena ukubwa wa skrini wala ukali wa rangi zake. Aliulizia betri, vitufe vilivyoachana vizuri, na tundu la waya. Muuzaji dukani alimsifia picha zinavyong'aa, na Pikseli akamsikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akamwomba amwachie apapase kibodi.

Siku moja Bibi Kasi alimwambia, "Nifungulie tovuti moja uliyoitengeneza zamani. Ile unayojivunia."

Aliijua bila kufikiri. Ilikuwa ya duka la vitambaa, kazi iliyowaletea sifa nyingi, na wateja wengine walikuja ofisini wakisema tunataka kama ile. Akaifungua. Sauti ya bati ikaanza: "Picha. Picha. Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe." Ikaendelea hivyo. Hakuna kitufe kilichotaja jina lake wala picha iliyosema ni ya nini. Vile vyote alivyovipanga kwa unyoofu wa uzi, ambavyo mwenye macho aliviona na kuvutiwa, masikioni vilikuwa mlango mmoja uliofungwa baada ya mwingine.

Bibi Kasi alisubiri hadi ikanyamaza.

"Mimi kitambaa ningenunuaje hapa?" akauliza, bila ukali, kama mtu anayetaka tu kujua.

"Usingenunua," Pikseli akasema.

Nyumbani hakumwambia mtu. Lakini kesho yake alimwomba mkewe ampeleke ofisini.

Chumba kilikuwa kimebadilika. Mdomo alikuwa amemwajiri mbunifu, binti mwenye sauti nzito na mwendo wa haraka, na alikuwa amekaa kwenye meza ya Pikseli. Aliposikia ni nani aliyeingia akasimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Kaa, dada," Pikseli akamwambia. "Skrini hizo zinakufaa wewe. Nipeni pembe yoyote yenye soketi."

Mdomo alianza, "Ndugu yangu, hakuna haraka, afya kwanza..."

"Mdomo, nisikilize. Urembo wa kurasa nimeshaupoteza, sitakudanganya. Rangi zitakuwa zake. Mimi nitashika mifupa: kila kitu kiwe na jina, kila fomu ijazike bila kipanya, kila ukurasa usomeke na mtu kama mimi. Na ukurasa wowote hautoki humu kabla sijausikiliza."

"Wateja hawataelewa. Watauliza kwa nini tunachelewa."

"Wewe ndiye Mdomo. Waeleweshe."

Mdomo baadaye alikiri kwa mke wa Pikseli kwamba alikuwa na sababu kumi za kukataa, akazitafuta zote asizione. Siku ile alisema tu, "Pembe ya dirishani ina soketi mbili."

Haikuwa rahisi kama inavyosimuliwa. Mteja mmoja alikataa waziwazi kazi yake kushikwa na kipofu, akahama, na Mdomo hakuweza kumrudisha. Pikseli na mbunifu waligombana mara nyingi. Yeye alitaka maelezo ya kila picha, mbunifu aliona ni mzigo. Siku moja mbunifu aliandika chini ya picha ya mwenye hoteli, "Mtu amesimama." Pikseli akamwuliza, mtu gani, amesimama wapi, ana sura ya kukaribisha au ya kufukuza? Mbunifu akatazama ile picha vizuri kwa mara ya kwanza, akagundua kwamba mwenye hoteli alikuwa amefumba macho. Wakaomba picha nyingine. Tangu hapo hakubishana sana.

Pikseli naye alikuwa na siku zake mbaya. Kuna asubuhi aliwauliza wenzake ukurasa umekaaje, wakamwambia ni mzuri, akanuna hadi jioni kwa sababu alijua wangemwambia hivyo hata ukiwa mbaya. Kuna siku alisahau zambarau ikoje. Aliikumbuka kama neno, akalisema mara nyingi kinywani, rangi yenyewe isije. Hilo lilimuuma kuliko ngazi na milango.

Tundu liliendelea kufumba. Kama alivyoagizwa, alilihifadhi kwa watoto. Kila jioni, kabla mwanga wa dirishani haujaisha, aliwaita mmoja mmoja, akawashika mashavu, akawatazama kipande kipande: kidevu, jicho, kovu la mdogo lililobaki baada ya kuanguka kwenye baiskeli. Watoto mwanzoni walicheka na kukimbia. Baadaye walizoea, wakawa wanasimama wenyewe wakingoja zamu.

Halafu ikaja jioni moja alipomshika mdogo mashavu, akakaa naye kwa muda mrefu, na mtoto akauliza, "Baba, unaona sasa?"

"Sasa nakusikia unavyopumua," Pikseli akasema. "Umetoka kukimbia."

Mkewe alikuwa jikoni. Alisikia, akazima jiko, akaja kukaa karibu nao bila kuwasha taa.

Kazi iliendelea. Ofisini kompyuta yake hukaa na skrini nyeusi, hedifoni ya waya sikio moja, sikio la pili limeachwa wazi kwa ajili ya watu. Mgeni akiingia, huwa anamtazama kwa mshangao mtu huyu anayechapa kwa kasi mbele ya giza. Karibuni alikuja mteja mpya, mwenye chuo cha ufundi. Alisimama mlangoni, akamnong'oneza Mdomo.

"Samahani, yule bwana pale kompyuta yake imezimika. Mwambieni."

"Haijazimika," Mdomo akajibu. "Anasikiliza ukurasa wako. Ngoja kidogo, hapendi kukatizwa."

Mteja akangoja. Baada ya muda Pikseli aliinua kichwa, akageukia upande sauti ilikotoka.

"Karibu, mheshimiwa. Fomu yako ya kujiunga ina tatizo. Mahali pa kuandika tarehe ya kuzaliwa panamtaka mtu aichague kwa kipanya tu. Vuta kiti, nikuonyeshe."